Jagi la Fedha, la Kauri, la Kioo au la Pyuta? Ulinganisho wa Vyombo vya Kale vya Kumiminia na Kupakulia

Jagi la kwanza la kale nililonunua lilikuwa la udongo mzito wa rangi ya krimu, limezungushiwa majani ya mzabibu yaliyoinuka hata ukipitisha kidole unaweza kuyahesabu huku umefumba macho. Nililitenga mezani, nikalijaza maji, nikamimina glasi ya kwanza. Maji yalitoka vizuri, lakini nilipoliinua jagi, mchirizi mwembamba ulipinda chini ya mdomo, ukateremka tumboni na kuchora duara la unyevu kwenye kitambaa cha meza. Glasi ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Jagi lile ni zuri hadi leo, ila kazi yake sasa ni kushika maua.

Tangu siku ile, ninapolinganisha vyombo vya kale vya mezani, naanza na swali la kazi. Je, kitamimina bila kuchiriza? Je, kitabeba chakula kutoka jikoni bila kumuunguza aliyekishika? Umri, jina la kiwanda na mihuri ya chini ninavipenda sana, lakini navitazama baadaye. Hapa navipanga kwa kufuata kile kilichotumika kuvitengeneza, kwa sababu ndicho kinachoamua uzito, joto, usalama na namna ya kuosha.

Kwanza, neno "kale" lina mpaka wake. Forodha ya Marekani huhesabu kitu kuwa cha kale kikishapita miaka 100, na wauzaji wengi hufuata kipimo hicho. Kilicho chini ya hapo huitwa cha zamani tu. Mezani tofauti hiyo haionekani, kwenye bei inaonekana sana.

Fedha halisi na fedha ya kupakwa

Fedha halisi kwa kipimo cha Uingereza, kiitwacho sterling, ni sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, ambayo huipa ugumu, maana fedha tupu ni laini mno kwa chombo kinachoshikwa kila siku. Vyombo vya Uingereza hupigwa mihuri midogo mfululizo, na ukiizoea unaisoma kama anwani. Simba anayetembea, aliyeanza kutumika mwaka 1544, anathibitisha ubora wa fedha. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield, na mwaka 1975 Sheffield ilibadilisha taji kuwa waridi. Herufi moja ndani ya ngao hutaja mwaka. Ofisi za kupimia fedha na kupiga mihuri za Birmingham na Sheffield zilifunguliwa mwaka 1773, kwa hiyo ukiona nanga kwenye jagi linalodaiwa kuwa la mwaka 1750, kuna jambo haliko sawa.

Nje ya Uingereza alama ni nyingine. Ufaransa imetumia kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, tangu 1838. Ujerumani, kuanzia 1888, ilitumia mwezi mwandamo na taji, mara nyingi pamoja na namba 800, yaani fedha iliyopungua kidogo ukilinganisha na sterling lakini bado ni fedha kweli. Marekani haikuwa na mfumo wa taifa wa ofisi kama hizo, na mafundi wake mara nyingi waliandika tu neno STERLING chini ya chombo.

Fedha ya kupakwa ina njia mbili, na inafaa kuzitenganisha. Ya kwanza ni ile ya Sheffield. Katika miaka ya 1740 fundi Thomas Boulsover aligundua kwamba bamba la fedha likiunganishwa kwa moto na bamba la shaba, mawili hayo hufuliwa na kutandazwa kama kitu kimoja. Shida ilikuwa ukingoni, kwani ukilikata bamba, shaba inaonekana katikati. Mafundi waliificha kwa kuviringisha fedha juu ya ukingo au kuunganisha uzi wa fedha, na ukipitisha ukucha upande wa ndani wa ukingo mara nyingi unakwama kidogo pale mshono ulipo. Njia ya pili ni ya umeme, ambayo kiwanda cha Elkington cha Birmingham kilipata hataza yake mwaka 1840. Hapa chombo hutengenezwa chote kwa metali ya bei nafuu, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya dawa yenye fedha na umeme ukaibandika fedha juu yake. Herufi EPNS (electroplated nickel silver) chini ya chombo zina maana hiyo. Ile "nickel silver" inayotajwa katika herufi hizo haina fedha hata chembe, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Sasa uchague ipi? Fedha halisi ni ile ile kuanzia nje hadi ndani, hivyo unaweza kuisugua vizazi na vizazi. Fedha ya kupakwa hupungua kila unapoing'arisha, hadi siku moja metali ya chini inachungulia kwenye mikunjo na juu ya mkono, na kwenye chombo cha Sheffield huo ni wekundu wa shaba. Kwa upande mwingine, metali iliyo chini ya vyombo vya EPNS ni ngumu na haibonyei kwa urahisi, na bei yake inamruhusu mtu kukitumia chombo kila siku bila moyo kwenda mbio. Wekundu huo kwenye chombo cha Sheffield mimi naupenda, kwa kuwa unaonyesha mikono iliyokishika miaka yote hiyo. Ukikipeleka kupakwa upya kwa umeme unaufuta ushahidi huo, na wakusanyaji watakipunguzia thamani.

Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine yoyote. Ndiyo maana birika na majagi ya vinywaji vya moto ya zamani yana mikono ya mbao, au pete mbili ndogo nyeupe zilizokatiza mkono wa fedha, moja juu na moja chini, kuzuia moto usifike kwenye vidole. Pete hizo mara nyingi ni pembe za ndovu. Uingereza ilipitisha sheria ya pembe za ndovu mwaka 2018, ikaanza kufanya kazi mwaka 2022, na biashara ya vitu vyenye pembe imebanwa isipokuwa kwa misamaha michache inayotaka kusajili. Nchi nyingi nyingine zina vizuizi vyao. Kama birika litavuka mpaka, uliza habari za pete hizo kabla hujalipa.

Kwa maji baridi, hakuna chombo ninachokipenda kuliko jagi la fedha. Linapoa haraka, linatoa jasho la matone madogo ubavuni, na mkononi unausikia ubaridi. Kwa chumvi na mayai ni kinyume. Chumvi hula fedha na kuacha vishimo visivyong'arika, na salfa iliyomo kwenye yai huiweusha. Mafundi wa zamani walilijua hilo, wakapaka dhahabu ndani ya vibakuli vya chumvi. Ukikuta kibakuli cha fedha chenye ndani ya manjano, hiyo ndiyo sababu.

Kauri na udongo

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, kwa sababu vyote ni vyeupe na vyote vimepakwa maua. Tofauti iko ndani ya mwili wa chombo.

Kauri halisi huchomwa kwa moto mkali hadi mwili wake unakaribia kuwa kioo. Ishike mbele ya taa, weka vidole nyuma yake, na kama ni nyembamba utaona kivuli cha vidole. Kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710, ndicho kilichoanza kuitengeneza Ulaya baada ya karne nyingi za kuinunua kutoka China. Uingereza, karibu na mwisho wa karne ya 18, Josiah Spode aliiboresha aina ambayo karibu nusu yake ni majivu ya mifupa, nyeupe kama maziwa na imara kuliko unavyodhani ukiitazama. Mwili wa kauri haunywi maji. Hata ikikwaruzika, haigeuki rangi ndani.

Udongo uliochomwa kwa moto wa chini una joto la macho ambalo kauri haina, lakini mwili wake unakunywa. Unalindwa na glezi tu, ile ngozi ya kioo iliyoyeyushwa juu yake. Aina inayopendeza zaidi mezani ni udongo wa krimu ambao Josiah Wedgwood aliupa jina la malkia baada ya kupata agizo la Malkia Charlotte mwaka 1765. Ni mwepesi kushika na kingo zake ni nyembamba. Pindua jagi la aina hii uangalie pale glezi ilipojikusanya kwenye kona ya kitako, utaona rangi ya manjano inayoelekea kijani. Ndugu yake wa baadaye, uliotengenezwa ili ufanane na kauri ya China, hujikusanya kwa rangi ya buluu mahali pale pale. Kona hiyo ndogo hunisaidia kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Halafu kuna udongo wa mawe ambao Charles James Mason aliupatia hataza mwaka 1813. Ni mzito, mnene, na hutunza joto la chakula kwa muda mrefu. Kwa sinia la nyama au bakuli kubwa la mboga lililo mezani kila wiki, ningechagua huu bila kusita. Kwa jagi ningefikiri mara mbili kwa sababu ya uzito, na jambo hilo nitalirudia.

Juu ya vyombo vya udongo na vya kauri mara nyingi kuna michoro iliyochapwa. Fundi alichapa picha kwenye karatasi nyembamba, akaibandika kwenye chombo, mara nyingi kabla ya kupaka glezi. Karatasi ile haikutosha kuzunguka tumbo la jagi bila kuunganishwa, kwa hiyo tafuta mshono, mara nyingi karibu na mkono, ambapo ua limekatwa nusu au mistari haikukutana. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia mshono huo ni kasoro, akanipunguzia bei. Kwangu mimi ni alama ya mkono wa mtu.

Nyufa za glezi, ule mtandao mwembamba kama wa buibui, hutokea kwa sababu glezi na mwili havikusinyaa kwa kiasi sawa. Kwenye kauri hilo ni suala la sura tu. Kwenye udongo ni suala la usafi, maana mafuta na maziwa hupenya, yakaacha doa la kahawia na harufu. Jaza chombo maji ya uvuguvugu, kiache usiku mzima juu ya karatasi kavu, asubuhi tazama karatasi na unuse ndani. Kama karatasi imelowa au harufu imezidi, kiweke kwa mkate na matunda yenye maganda, wala usikitumie kwa mchuzi. Usijaribu kukisafisha kwa dawa ya klorini. Chumvi zake hubaki ndani ya mwili, zikikauka husukuma glezi ibanduke.

Jambo zito zaidi ni risasi. Glezi nyingi za udongo wa kale zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na kitu chenye asidi, kama ndimu, siki au divai, huweza kuitoa, hasa kikikaa muda mrefu au glezi ikiwa imechakaa. Majagi yenye rangi kali za kijani na buluu na maumbo ya majani, samaki na mahindi, ya mtindo ambao kiwanda cha Minton kiliuonyesha kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, yana glezi ya aina hiyo. Ni majagi yanayochangamsha meza nzima, nami siwezi kumkataza mtu kuyanunua, lakini nayatumia kwa maua na vijiko vya mbao. Kama unataka kunywea au kulia chombo cha udongo usichokijua, kipimo cha maabara ndicho cha kuaminika.

Kioo

Kioo kina jibu rahisi kuliko vyote kwa mtu anayeogopa glezi, lakini nacho kina mambo yake. Mwaka 1674 George Ravenscroft alipata hataza ya kioo cha aina mpya huko Uingereza, na risasi aliyokuja kuitia ndiyo iliyokipa uzito, mng'ao na mlio wa kengele ukikigonga kwa kucha. Maji yakimiminwa na kunywewa pale pale hayana muda wa kunyonya kitu. Usilaze kinywaji chenye kileo au asidi ndani ya kioo cha risasi kwa siku kadhaa, maana hapo risasi huhamia kwenye kinywaji.

Kioo kilichokatwa na kioo kilichokandamizwa kwenye kalibu hufanana kwa mbali. Kukandamiza kwa mashine kulishika kasi Marekani katika miaka ya 1820, kukaleta mezani kwa watu wa kawaida sura ya kioo ambacho zamani kilikuwa cha matajiri. Tofauti unaisikia kwa kidole: kingo za kioo kilichokatwa ni kali, zimeng'arishwa moja moja, ilhali za kalibu ni za duara kidogo, na ukitafuta utaona mistari ya kuungana kwa kalibu. Kwa matumizi ya kila siku nakitetea cha kalibu. Ni kinene, hakina kona za kumeguka, na likivunjika jagi lingine la mtindo ule ule huwa si shida kulipata.

Tazama pia mkono wa jagi la kioo cha kupulizwa. Kwenye majagi ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, fundi alibandika kioo cha moto juu, karibu na ukingo, kisha akakivuta kushuka chini, kwa hiyo sehemu nene iko juu. Baadaye, kuelekea mwisho wa karne hiyo, utaratibu uligeuka: mkono ulibandikwa chini kwanza, penye tumbo, ukavutwa kwenda juu. Mkono ulioanzia chini una kitako kipana kwenye tumbo la jagi, pale hasa mzigo unapovuta. Hilo hunipa moyo zaidi wa kulijaza. Popote ulipoanzia, iweke taa nyuma ya maungio ukitafuta ufa wenye umbo la mwezi. Ukiuona, liache.

Ukungu mweupe ndani ya jagi au chupa ya kioo ni wa namna mbili. Mwingine ni chokaa ya maji, unaotoka kwa siki. Mwingine ni ugonjwa wa kioo chenyewe, uliosababishwa na maji yaliyoachwa humo miaka mingi, na hautoki kwa kuosha. Chombo kikiwa kimelowa ukungu huo hupotea. Ndiyo maana ninaomba kukiona kikiwa kikavu.

Pyuta na shaba

Hapa sitakaa sana. Pyuta ni metali ya kijivu ambayo sehemu yake kubwa ni bati. Ile ya zamani, hasa ya daraja la chini, iliongezewa risasi, na huwezi kuijua kwa macho. Jagi la pyuta la karne ya 18 lina ukimya wake mzuri wa rangi, linapendeza sana karibu na mbao. Liweke lionekane, usinywee. Kuanzia mwisho wa karne hiyo ilitokea metali ya Britannia, ya bati, antimoni na shaba, isiyohitaji risasi, lakini hata kwa hiyo napendelea maji matupu.

Shaba nyekundu ni salama kwa chakula ikiwa ndani imepakwa bati na bati hilo halijaisha. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, kwa hiyo chombo kitupu kikisahauliwa motoni hupoteza ngozi yake. Ukiona wekundu ndani, kipeleke kwa fundi kikapakwe upya kabla hakijagusa kitu chenye asidi.

Mdomo, mkono na tumbo

Baada ya kuchagua kilichotumika, linganisha maumbo, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwenye mihuri.

Mdomo mzuri una ncha. Maji yanayofika mwisho wa mdomo yanahitaji ukingo mkali unaoyakata, ama sivyo yanaambaa na kurudi chini, kama yalivyofanya kwenye jagi langu la mizabibu, ambalo mdomo wake ulikuwa mnene na wa duara. Weka kidole chini ya ncha ya mdomo. Ukisikia umekunjwa kwenda chini kidogo na umemalizikia kwenye ukingo mwembamba, una matumaini. Majagi ya fedha na ya udongo wa krimu kwa kawaida yanashinda hapa, kwani kilichotumika kinakubali kufanywa chembamba. Kioo cha kalibu na udongo wa mawe mara nyingi hushindwa.

Mkono upimwe jagi likiwa limejaa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jagi la udongo wa mawe lenye kilo moja na nusu likiwa tupu, ukilitia lita mbili, linakuwa kilo tatu na nusu zinazoning'inia upande mmoja wa kifundo cha mkono. Mzee au mtoto hataweza kumimina kwa utulivu. Jagi la lita moja linalojazwa mara mbili ni bora kuliko la lita mbili linalozungushwa na mtu mmoja tu mwenye nguvu. Ingiza vidole vyote vinne kwenye mkono. Kama vinaenea vitatu na cha nne kinabanwa kwenye tumbo la jagi, jagi hilo halitapendwa mezani, na likiwa na kitu cha moto litaunguza.

Jagi refu jembamba huchukua nafasi ndogo na humimina kwa mstari mwembamba, lakini huanguka likigongwa na kiwiko, na mkono hauingii kulisugua ndani. Jagi fupi lenye tumbo linakaa imara na huoshwa kwa urahisi, ila vipande vya barafu huja vyote kwa pamoja mwishoni. Baadhi ya majagi ya maji yana kizuizi mdomoni cha kushika barafu, na hayo kwa meza ya watu wengi ni neema.

Masinia, mabakuli na vyombo vya mchuzi

Kwenye vyombo vya kupakulia, sinia lenye umbo la yai la udongo uliochapwa na sinia la fedha ya kupakwa yanashindana kila mara. La udongo linaweza kukatiwa nyama bila kuumia sana. La fedha linachorwa na kisu mara ya kwanza tu. Lakini la fedha halivunjiki, na linabebwa bila hofu.

Kuna sinia moja la kale ninalolitafuta kila ninapokwenda mnadani: lina mifereji iliyochongwa kama matawi ya mti, ikishuka hadi kwenye shimo upande mmoja. Nyama ikikatwa, mchuzi unafuata matawi na kujikusanya shimoni, upawa ukauchota. Chini ya upande wa pili kuna miguu iliyoinuka kidogo ili sinia lilale kwa mteremko. Niliposhika la kwanza nililipindua nikidhani limepinda kwenye tanuru. Halikuwa limepinda. Hapatumiki kitu zaidi ya mteremko, na lina kazi hiyo hiyo liwe la udongo au la fedha.

Dishi la fedha lenye kifuniko nalo lina siri yake. Mkono wa kifuniko mara nyingi unafunguka kwa kuzungushwa. Ukiutoa na kukipindua kifuniko, una dishi la pili. Kabla ya kulipia, jaribu kuuzungusha. Usipogeuka kabisa, huenda umegandishwa kwa uchafu, au kuna mtu ameuunganisha moja kwa moja.

Bakuli la supu lenye kifuniko ndicho chombo kinachopoteza vipande kuliko vyote. Kamili lina bakuli, kifuniko chenye mwanya wa upawa, sinia la chini, na upawa wenyewe. Ukiuziwa "kamili", linganisha rangi ya mwili wa kifuniko na ya bakuli kwenye mwanga wa mchana. Vifuniko vilivyoazimwa kutoka mabakuli mengine hukaa vizuri lakini weupe wake hutofautiana. Kama unataka kulitumia tu na hutaliuza, kifuniko cha kuazima si kosa kubwa, mradi bei ilijue hilo.

Kwa mchuzi, chagua chombo kilichounganika na kisahani chake. Tone litakalochiriza litabaki kwenye kisahani.

Seti nzima au kimoja kimoja

Seti inatuliza jicho, lakini kikivunjika kimoja unaanza kuwinda. Mchanganyiko unakusamehe. Mimi hushika kitu kimoja kisibadilike, ama rangi ya mwili, ama metali, kisha maumbo na michoro vikatofautiana. Weupe wa krimu na weupe wa kauri ya mifupa havikai pamoja vizuri, mmoja huufanya mwingine uonekane mchafu. Fedha halisi na ya kupakwa hukaa pamoja bila ugomvi.

Kwa anayetaka kujenga seti polepole, alama za chini zinasaidia kujua vipi ni vya wakati mmoja. Alama yenye umbo la almasi kwenye vyombo vya Uingereza ni usajili wa muundo wa kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 ilifuatwa na namba zinazoanza na "Rd". Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1891 ilidai bidhaa zitaje nchi zilikotoka, hivyo neno "England" peke yake kwa kawaida ni la wakati huo au baada yake, na "Made in England" mara nyingi ni karne ya 20. Almasi na namba za "Rd" hutaja mwanzo wa muundo. Chombo chenyewe huenda kimetengenezwa miaka kadhaa baadaye.

Kabla hujalipa

Kigonge kwa kucha kikiwa kimekaa kwenye kiganja: kauri nzima hulia, yenye ufa hukoroma. Kipitishie taa ya mwanga wa urujuanimno gizani, kwani gundi na rangi za ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na glezi ya asili. Bila taa, gusa ukingo kwa jino taratibu: glezi ni baridi na ngumu, rangi ya ukarabati ni laini na ya uvuguvugu. Angalia maungio ya mkono kabla ya kitu kingine chochote. Mkono uliogundishwa utakaa kabatini miaka hamsini bila tatizo, na utaachia siku ya kwanza utakapotia kitu cha moto.

Chombo chenye mstari wa dhahabu kisiingie kwenye mashine ya kuoshea vyombo wala kwenye maikrowevu. Kioo na kauri za kale vipashwe moto kidogo kidogo kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kupokea kitu cha moto.

Kama ningelazimika kubaki na vitatu tu, ningechukua jagi la fedha ya kupakwa la lita moja lenye mdomo mkali, sinia la udongo wa mawe lenye mifereji ya mti, na bakuli la kauri la kawaida lisilo na ufa. Na kwa lile jagi, kabla sijalipa, ningemwomba muuzaji maji na glasi tupu. Wauzaji wengi hukubali, na wakati wa kumimina wao nao huinama kutazama chini ya mdomo.